Karibu Sana, Baba, Lakini Hapa Hatuuzi

Mwanamume yule alivua kofia yake mlangoni, kama mtu anayeingia kanisani, akaja moja kwa moja hadi kaunta na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Papa, niko natafuta libreri. Njo hapa?"

Nilimjibu kwa furaha ya mtu ambaye asubuhi nzima hajaulizwa lolote. "Ndiyo, baba. Karibu sana. Umefika."

Alikuwa ameshuka Kibirizi, bandari yetu ndogo hapa Kigoma, alfajiri kwa boti ya kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na pindo za suruali yake zilikuwa hazijakauka. Nilimwonyesha rafu, nikamwachia nafasi atazame kwa utulivu, maana ndivyo tulivyofundishwa, kwamba msomaji asifuatwefuatwe. Baada ya robo saa alirudi na kamusi nene ya Kifaransa na Kiingereza, yenye jalada la bluu lililoanza kuachana na mgongo wake. Akaiweka mbele yangu, akatoa kwenye mfuko wa shati noti zilizokunjwa mara nne, akauliza bei.

"Hapa hatuuzi, baba," nikamwambia. "Tunaazimisha. Na ili kuazima ni lazima uwe mwanachama, na ili uwe mwanachama unahitaji mdhamini, picha mbili na barua ya serikali ya mtaa."

Alizitazama zile noti mkononi mwake kana kwamba ndizo zilizokosea. Akasema "aksanti, papa", akaichukua kamusi, akairudisha mwenyewe rafuni pale pale alipoitoa, akaisukuma kwa kidole mpaka ikalingana na wenzake. Kofia aliivaa alipofika mlangoni.

Kwa Kifaransa, *librairie* ni duka la vitabu. Maktaba wao huiita *bibliothèque*.

Jambo hilo nililijua tangu chuoni, na siku hiyo halikunisaidia chochote.

Jibu sahihi kwa swali lisiloulizwa

Kwa majuma kadhaa nilijitetea moyoni. Niliulizwa kama hapa ni libreri, na sisi wenyewe mitaani tunasema laibrari bila kuona haya, nikajibu ndiyo. Niliulizwa bei, nikajibu hatuuzi. Niliyataja masharti ya uanachama kama yalivyoandikwa. Kila sentensi niliyoitamka ilikuwa ya kweli na ya adabu, na mtu akaondoka mikono mitupu, ilhali mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwetu kuna duka la vifaa vya shule linalouza kamusi za aina hiyo hiyo. Sikulitaja duka. Halikunijia hata kidogo, kwa sababu akilini mwangu mazungumzo yalikuwa yamekwisha pale niliposema kwamba hatuuzi.

Mwaka 1968 Mmarekani Robert Taylor aliandika makala ambayo wakutubi wengi tumeipitia darasani. Alieleza kwamba haja ya msomaji hupita ngazi nne kabla ya kufika kaunta. Kwanza ipo ndani yake tu, hawezi kuitamka. Kisha huanza kuihisi kichwani, japo kwa ukungu. Kisha huiunda kuwa swali lililokamilika. Na mwisho hulipunguza swali hilo ili litoshe katika kile anachodhani maktaba inacho. Sisi tulio nyuma ya kaunta hulisikia hilo la nne, lililokwisha kukatwa, na kazi yetu ni kumrudisha msomaji taratibu hadi kwenye lile alilokuja nalo.

Ninachoongeza mimi, kutokana na kukaa mji wa bandari, ni kwamba mgeni hukata swali lake zaidi ya mara moja. Hulikata ili litoshe katika maktaba, hulikata tena ili litoshe katika maneno machache aliyo nayo ya lugha yetu, na hulikata mara ya tatu ili lisimwonyeshe kuwa mgeni. Yule bwana hakusema kwamba ana mtoto anayesoma, wala kwamba boti inarudi jioni, wala kwamba kamusi haipatikani anakotoka. Hayo yote nayakisia mimi. Alisema neno moja, "libreri", na mimi nikalipokea kama mtu anavyopokea chenji bila kuihesabu.

Kiswahili kimoja, au viwili

Kuna jambo sisi wa Kigoma tunalijivunia kupita kiasi, nalo ni kwamba mtu wa Kongo akija huku hatuhitaji mkalimani. Ni kweli kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na kwamba tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tunakutana mara nyingi zaidi katika biashara na safari. Lakini kuelewana kwa namna hii ndiko kunakotupumbaza. Akija Mfaransa mwenye mkoba mgongoni, nasimama wima, nachagua maneno, narudia alichosema ili nihakikishe nimemwelewa. Akija mtu wa Uvira au Kalemie, nasikia "niko natafuta", nacheka kidogo moyoni kwa utamu wa lafudhi, na nadhani nimeelewa.

Lugha inayofanana hudanganya kuliko lugha ngeni. Mtu anayesema "buku" akimaanisha kitabu, nani humsahihisha? Na mimi ninayemwambia "jaza fomu ya udhamini" namwambia nini hasa, ikiwa kwao kuazima kitabu hakuna udhamini, au ikiwa hajawahi kuazima kitabu mahali popote?

Tumezoea kuliita jambo hili ukarimu: tunasema karibu, tunampa mtu kiti, basi tumemhudumia. Nimeanza kulishuku neno hilo "karibu". Mara nyingi nimelitumia kama pazia, nikalifunga mbele ya mambo yetu wenyewe ambayo mgeni hawezi kuyaona wala kuyauliza: fomu yetu, saa zetu, mpangilio wa rafu zetu.

Kisanduku cha jina la ukoo

Hili lilitangulia la kamusi, nami nilikuwa nimelisahau kwa kulitaka nilisahau.

Watoto wawili wa Kirundi wanaoishi na shangazi yao hapa mjini walileta fomu za uanachama, kaka mwenye miaka kama 14 na dada mdogo wake. Fomu yetu ilikuwa na visanduku vitatu vya majina: la kwanza, la kati na la ukoo. Nikasoma ya kaka, nikasoma ya dada. Katika kisanduku cha ukoo kila mmoja alikuwa ameandika jina lake, na majina hayo hayakukaribiana kwa herufi hata moja.

"Ninyi ni ndugu kweli?" nikauliza, na niliuliza mbele za watu.

Dada alimtazama kaka yake. Kaka akasema, "Baba mmoja, mama mmoja." Nikawaambia warudi na mtu mzima.

Shangazi alikuja kesho yake akiwa na jina la tatu tofauti kabisa na yale mawili, na akanieleza bila hasira, kwa uvumilivu ulioniumiza kuliko hasira, kwamba kwao mtoto huzaliwa akapewa jina lake mwenyewe, mara nyingi lenye habari za siku hiyo au shukrani kwa Mungu, na kwamba jina la ukoo la kurithishana kama letu halikuwa desturi yao. Sote tumelisikia jina Nkurunziza redioni kwa miaka mingi. Maana yake ni habari njema. Hilo si jina la ukoo, ni tangazo la furaha ya wazazi.

Mtu wa Kongo naye ana mpangilio wake: jina, kisha jina la pili linalolifuata, kisha lile la ubatizo mwishoni. Akijaza fomu yetu kwa uaminifu, jina lake la ubatizo huangukia kwenye kisanduku cha ukoo, nasi tunamsajili kwa herufi ya J kwa sababu anaitwa Jean, pamoja na akina Jean wengine wote. Akirudi baada ya miezi mitatu hatumwoni kwenye rejesta. Tunamwambia hajasajiliwa.

Sasa fomu ina mstari mmoja mrefu: andika jina lako kama unavyoliandika daima. Rejesta tunaipanga kwa namba ya kadi. Kazi yote ilichukua asubuhi moja na karatasi chache za kudurufu, na nasikitika kusema kwamba haikuwa lazima kuwaaibisha watoto wawili ili ifanyike.

Vitabu vya Kifaransa viko wapi?

Hili ndilo lililotugawanya ofisini, na sijui kama tumelimaliza.

Msomaji akiuliza vitabu vya Kifaransa viko wapi, jibu la kweli katika maktaba kama yetu ni: kila mahali. Mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa kwanza mwaka 1876, hupanga vitabu kwa mada, kila mada na namba yake. Lugha ya Kifaransa iko 440, fasihi ya Kifaransa 840, historia ya Kongo 967.51, historia ya Burundi 967.572, na kitabu cha kilimo cha kahawa kilichoandikwa kwa Kifaransa kiko kwenye kilimo, kimebanwa katikati ya vitabu vya Kiingereza. Kwa mtu anayesoma lugha zote mpango huu ni mzuri sana. Kwa mtu anayesoma Kifaransa na Kirundi pekee, ni kama kuambiwa kwamba chakula chako kipo, kimegawanywa punje mojamoja katika sahani za watu wengine.

(Huyo Dewey mwenyewe alikuwa na dunia yake ndogo. Dini ya Kikristo aliipa sehemu kubwa ya namba za 200, na dini nyingine zote akazisongamanisha kwenye 290. Uislamu uko 297. Ukiwa mkutubi wa mji ulio jirani na Ujiji, mji wa kale wenye Waislamu wengi, jambo hilo utaulizwa siku moja, na itakubidi uwe na jibu.)

Nilipendekeza tuvitoe vitabu vyote vya Kifaransa tuviweke kwenye rafu moja karibu na dirisha. Mwenzangu mmoja alipinga, na sababu yake ilikuwa na uzito: alisema tukifanya hivyo tutakuwa tumejenga kambi ndani ya maktaba. Mgeni ataelekezwa konani, atakaa konani, na hatapita tena mbele ya rafu ambako angekiona kitabu cha Kiswahili kikamvuta. Akaongeza kwamba historia ya Burundi iliyoandikwa na Warundi kwa Kifaransa inapaswa kusimama bega kwa bega na ile iliyoandikwa na wengine kwa Kiingereza, ili anayeisoma moja aione na nyingine.

Nilikaa na hoja hiyo siku nyingi, nikaona ana haki, lakini pia nikaona kwamba anamzungumzia msomaji aliyekwisha kuwa mwenyeji. Anayeingia kwa mara ya kwanza, mwenye nusu saa kabla ya boti, hawezi kufaidika na ujirani wa vitabu ambavyo hatavifikia. Ranganathan, mkutubi wa Madras aliyeandika kanuni zake tano mwaka 1931, aliiweka ya nne kwa maneno machache: okoa muda wa msomaji. Hakusema msomaji wa wapi.

Tulivitoa. Kila kitabu tulikibandikia kipande cha karatasi ya kijani mgongoni, na mahali kilipotoka tukaacha kibao cha boksi kinachosema kuna kitabu kingine kuhusu mada hii, dirishani. Vibao hivyo huanguka kila siku na mtu wa usafi hutulalamikia. Jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia ni kwamba wanaoitembelea sana rafu ile ni wanafunzi wetu wa sekondari wanaojifunza Kifaransa, ambao kumbe nao walikuwa hawajui kwamba tuna vitabu hivyo.

Yaliyomo yako nyuma

Mwalimu mmoja kutoka ng'ambo, aliyekuwa hapa mjini akisubiri karatasi zake, alikuwa akija kila siku kusoma magazeti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilimwomba atusaidie kuipanga ile rafu ya dirishani, naye akakubali kwa haraka iliyonifanya nijiulize ni kwa nini sikumwomba mapema.

Alianza kwa kuinamisha kichwa upande wa kushoto. Mimi huinamisha kulia. Nilisimama nikamtazama kwa muda kabla ya kuelewa: maandishi kwenye mgongo wa vitabu vingi vya Kifaransa hupanda kutoka chini kwenda juu, wakati ya Kiingereza na ya Kiswahili hushuka kutoka juu kwenda chini. Nimekaa na vitabu hivyo miaka kadhaa, nikivigeuzageuza kwa kero, nikidhani mpiga chapa alikosea.

Siku nyingine alikuwa amekaa na kijana wa sekondari aliyekuja likizo kutoka Bujumbura, ambaye alikuwa ameshika kitabu chetu cha jiografia. Kijana alikifungua kwa nyuma, akaipata faharasa, akaanza kuisoma kwa kidole kutoka herufi ya A, mji baada ya mji, mto baada ya mto. Alifika kwenye C akakifunga.

"Hakina yaliyomo," akasema.

Mwalimu akacheka, akakigeuza, akamfungulia kurasa za mwanzo. Vitabu vingi vya Kifaransa huweka yaliyomo mwishoni. Kijana alikuwa amefanya kila alichofundishwa. Alikwenda mahali yaliyomo yanapokaa, akakuta orodha isiyo na kichwa wala mguu, akahitimisha kwamba kitabu ni kibovu. Ningekuwa mimi niliye karibu naye ningeona tu kijana asiyependa kusoma.

Nilimuuliza mwalimu ni mambo mangapi mengine ya aina hii ambayo hatuyaoni. Alifikiri kidogo, akanionyesha saa yake ya mkononi. Ilikuwa nyuma ya yangu kwa saa moja kamili, kwa kuwa Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. "Ninyi mmeandika kwamba mnafunga saa kumi na moja," akasema. "Mtu hushuka kwenye boti na saa ya kwao. Anafika kwenu bado ana nusu saa, na anakuta kufuli." Nikakumbuka nyuso zilizochungulia dirishani nikiwa ndani nafunga mahesabu ya siku, nami nikiwapungia mkono kuwaambia kesho.

Tumetundika saa ya ukutani karibu na mlango, na kando yake nyingine yenye saa ya ng'ambo. Betri tunachangia.

Wenzetu wenye uwezo

Nimesoma kuhusu maktaba za umma za Queens huko New York, ambazo tangu mwaka 1977 zina programu maalumu kwa wahamiaji wapya, yenye vitabu na wafanyakazi wa lugha nyingi. Nimesoma pia kuhusu lile sanduku kubwa la maktaba ya kuhamishika lililobuniwa na shirika la Kifaransa la Bibliothèques Sans Frontières, ambalo huwekwa mahali, hufunguliwa, na kuwa chumba chenye vitabu, skrini na intaneti. Lilianza kutumika mwaka 2014 huko huko Burundi, katika kambi za wakimbizi wa Kongo. Ni kazi nzuri, na ukiwa na fedha ifanye.

Lakini kilichonishtua zaidi ni waraka wa kurasa chache ambao hauhitaji fedha kuusoma. Tamko la UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, kuhusu maktaba za umma, la mwaka 1994, linataka huduma itolewe kwa usawa kwa watu wote, na katika kutaja mambo yasiyopaswa kumtenga mtu, linataja utaifa na lugha waziwazi, sambamba na dini, jinsia na umri. Nilikuwa nimelijibia mtihani tamko hilo. Sikuwahi kuliweka kando ya fomu yetu inayodai barua ya serikali ya mtaa kutoka kwa mtu ambaye mtaa wake uko ng'ambo ya ziwa.

Sharti la barua lina sababu yake. Vitabu hupotea, na kitabu kilichovuka ziwa hakirudi. Kwa hiyo hatukulifuta. Tuliongeza kadi ya kusomea ndani, isiyodai mdhamini wala barua, ambayo mtu huipata siku hiyo hiyo. Kitabu hatoki nacho, na hatuna haja ya kujua anaishi wapi.

Wapo pia watoto ambao kadi hiyo haiwafikii kabisa. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanafunzi wa Kongo wamekuwa wakifuata mtaala wa nchi yao, kwa Kifaransa, si wa kwetu. Nimewasikia wenzangu wakisema kwa nia njema kwamba tuwapelekee vitabu vyetu vya kidato cha pili vilivyozeeka. Vya nini? Mtihani unaomsubiri mtoto wa Kongo hauulizi yaliyomo humo. Tungekuwa tumempa kile kinachotuzidi, tukapiga picha, tukarudi.

Safu ya utaifa

Mashaka makubwa kuliko yote yako kwenye daftari la mlangoni.

Kila anayeingia huandika jina, saa na sahihi, na katikati kuna safu ya utaifa. Iliwekwa kwa sababu njema: mwisho wa mwaka tunaandika ripoti, na ripoti inayoonyesha kwamba tunahudumia watu wa nchi tatu au nne ina nguvu wakati wa kuomba vitabu vya Kifaransa. Bila safu ile siwezi kuthibitisha kwamba wageni wapo. Nami nimewaona kwa macho yangu watu wakiishika kalamu, wakaiona safu ile, wakaiweka kalamu chini na kugeuka.

Hawakuwa wahalifu. Ni watu waliojifunza, mahali fulani njiani, kwamba swali la utaifa huwa na swali jingine nyuma yake. Kanuni za maadili za IFLA za mwaka 2012 zinatutaka tulinde faragha ya msomaji, na sisi wenyewe tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nikizisoma hizo najiuliza: ninakusanya nini nisichokihitaji, na kesho akija mtu mwenye mamlaka akalitaka daftari, nitamwambia nini?

Tumeiziba safu ile kwa karatasi nyeupe na gundi. Badala yake nahesabu lugha za vitabu vinavyoachwa mezani jioni: Kifaransa vinne, Kirundi kimoja, Kiswahili ishirini na kitu. Takwimu hizi hazina sura wala jina la mtu. Aliyeko juu yangu anaziita dhaifu, na pengine hajakosea.

Getini

Siku moja, majuma mengi baada ya tukio la kamusi, nilimuuliza mlinzi wetu kama anamkumbuka yule bwana wa kofia. Mlinzi ni mzee wa Kiha kutoka Kasulu, amekaa getini muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi kaunta.

"Wa kamusi?" akasema. "Nilimwelekeza dukani. Akanunua. Alirudi kunionyesha kabla ya kwenda Kibirizi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimembeba mtu yule kwa zaidi ya mwezi, na kumbe alikuwa amevuka ziwa na kamusi yake jioni ile ile.

"Ulijuaje kwamba anataka kununua?"

"Nilimuuliza, mwanangu. Mtu ametoka ndani ameshika hela mkononi."

Baadaye nilichukua kiti nikaenda kukaa naye getini kwa saa nzima. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na niliwaona watu wakisimama kwake, wakisalimiana kwa urefu, wakiulizana safari na habari za nyumbani, na katikati ya salamu hizo swali lenyewe likitoka bila kuvutwa. Kuna ambao aliwaelekeza bandarini, hospitali au kwa fundi simu, na wengine aliwaingiza ndani. Ngazi zote nne za Taylor zilikuwa zikishukwa pale, juu ya benchi la mbao, na mtu ambaye katika karatasi za ajira kazi yake ni kulinda mali.

Sikulipenda jambo hilo mwanzoni. Nimesoma miaka mitatu kwa ajili ya kazi ambayo mzee huyu huifanya akimenya muhogo. Halafu nikajiuliza ni kwa nini yeye hajui tuna rafu ya Kifaransa. Hakuna aliyemwambia. Hajawahi kuitwa katika kikao chochote.

Sasa anaitwa. Tumekubaliana naye kwamba kila anayeuliza libreri aulizwe kwanza: ya kununua au ya kusoma? Nilijivunia swali hilo kwa siku kadhaa, hata nikaliandika kwenye karatasi nikaibandika getini kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa.

Juzi nilikuwa nimesimama karibu naye alipofika mama mmoja amebeba mtoto mgongoni na furushi kichwani, akauliza libreri. Mzee akamuuliza kama tulivyopanga. Ya kununua, mama, au ya kusoma?

Mama alitua furushi, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Ya kukaa," akasema. "Boti ni ya jioni."

Mzee alinigeukia. Karatasi yetu haikuwa na jibu hilo. Nililichukua furushi, nikatangulia, na kwa kuwa viti vya kivulini vilikuwa vimejaa, nikamvutia kile cha kwangu nyuma ya kaunta.